Sura ya Sita: Wakubwa Wanapopatana

Kutoka Mombo hadi Same, barabara kuu na reli hufuatana. Mashariki milima ya Upare inapanda ghafla kutoka bondeni. Magharibi nyika inateremka taratibu mpaka Mto Pangani, na ng'ambo ya mto ni mbuga za Wamasai. Hedaru iko ndani ya ujia huo. Mabasi ya Arusha hupita mchana kutwa, malori ya jasi kutoka Makanya yanaelekea Tanga, na mizigo ya mlimani hushuka kwa bodaboda na kungoja gari kando ya lami. Anayetoka pwani ya Tanga kwenda Kilimanjaro bila kuikwea milima kwa kawaida hupita hapa. Misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa. Baadaye wakapita wenye mikataba, wajenzi wa reli, majeshi, na siku hizi wafadhili na wakandarasi wao.

Ndiyo maana naiweka Hedaru katikati ya sura inayohusu ushindani wa madola makubwa. Mambo haya kwa kawaida huandikwa kutoka Berlin, London, Washington au Beijing, na huko huonekana kama mchezo wa akili kati ya watu werevu. Ukiyatazama kutoka kwenye ujia wenyewe, unaona jambo jingine. Tumezoea kusema kwamba wakubwa wakigombana wadogo ndio wanaoumia. Ni kweli, na mwaka 1916 ni ushahidi wa kutosha. Lakini majeraha yaliyodumu zaidi tuliyapata siku wakubwa walipokaa mezani wakapatana. Na nafasi chache tulizowahi kupata zilitokana na wao kutoaminiana, kwa sharti moja gumu ambalo nitalifikia.

Mwaka 1885 wageni wawili walishindana kuelekea kaskazini. Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeliongoza jeshi la Sultani Barghash wa Zanzibar, alikwenda hadi Kilimanjaro akiwapa watawala bendera nyekundu ya Sultani. Nyuma yake akaja Karl Jühlke, mwenzake Carl Peters, akikusanya mikataba ya kampuni ya Kijerumani katika Usambara, Upare na Uchaga. Mangi Rindi wa Moshi aliipokea bendera ya Sultani, na muda mfupi baadaye akaweka alama yake kwenye karatasi ya Mjerumani. Wapo wanaomwona kigeugeu. Mimi namwona mtawala aliyetambua mapema kwamba wageni hawa wanaogopana, akajaribu kuutumia woga wao kabla dirisha halijafungwa.

Dirisha lilifungwa upesi. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri ya Barghash hadi akakubali madai yao. Uingereza, ambayo Sultani aliitegemea miaka yote, haikumtetea. Ilikuwa inaihitaji Ujerumani katika mambo mengine, Misri likiwa mojawapo. Tarehe 1 Novemba 1886 serikali hizo mbili zilikubaliana mstari unaoanzia mlangoni mwa Mto Umba hadi Ziwa Viktoria, ukiuzunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Taveta ikawa ya Mwingereza. Uchaga, Upare na Usambara vikawa vya Mjerumani. Barghash hakuwamo chumbani. Mkataba wa 1 Julai 1890 ulimalizia kazi: Ujerumani ikaiachia Uingereza Zanzibar, nayo ikapewa kisiwa kidogo cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini.

Hakuna risasi iliyopigwa kati ya Mwingereza na Mjerumani katika yote hayo, na mwanahistoria wa Ulaya anaweza kuyaita ushindi wa diplomasia. Hata hivyo mpaka wao ungali unapita ndani ya Ziwa Jipe, chini ya milima ya Upare Kaskazini, na mvuvi wa pale bado anapaswa kujua yuko upande gani wa maji.

Baada ya kugawana ardhi walishindana kuinyonya. Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, miaka mitatu kabla ya Waingereza kuanza yao Mombasa. Lakini mwaka 1901 reli ya Mombasa ilikuwa imefika Ziwa Viktoria, na ile ya Tanga ilikuwa haijafika hata Korogwe. Kampuni iliyoianza iliishiwa fedha, serikali ikaichukua mwaka 1899, na kazi ikasonga kwa kusuasua: Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, Moshi 1911. Kati ya miaka hiyo miwili ya mwisho ndipo mataruma yalipopita Hedaru, yakibeba reli nyembamba ya kipimo cha mita moja. Bondeni kukaja katani, zao ambalo Richard Hindorf alilileta Tanga mwaka 1893 kwa miche iliyotoka Florida, ikapona 62 tu. Kutokana na miche hiyo mashamba makubwa yalienea, nayo yakataka vibarua, na kodi ikawa njia ya kuwatoa vibarua hao majumbani.

Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Uingereza ilileta jeshi kutoka India kuiteka Tanga. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisafirisha askari wake kwa treni kutoka Moshi hadi pwani, wakawahi, na Waingereza wakashindwa vibaya. Bila shaka treni zile zilipita Hedaru. Njia ilikuwa hiyo moja.

Vita vyenyewe vilifika Hedaru wiki ya mwisho ya Mei 1916. Jenerali Jan Smuts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza, alikuwa ameshaichukua Moshi mwezi Machi, akangoja masika yapite, kisha akaanza kushuka. Safu moja ilifuata ukingo wa Pangani ikifyeka miiba, nyingine ikafuata reli chini ya milima, ya tatu ikazunguka upande wa mashariki wa Upare. Meja Kraut, aliyeongoza Wajerumani upande huu, alirudi nyuma hatua kwa hatua, akivunja madaraja na kuharibu reli ambayo Ujerumani ilikuwa imeijenga kwa karibu miaka ishirini. Tarehe 31 Mei Waingereza walikuwa Buiko. Katika safu hizo walikuwamo Wahindi, Makaburu, Waingereza na askari weusi. Upande wa pili walikuwamo maafisa wa Kijerumani wachache na askari weusi wengi. Nyuma ya wote, kila upande, walitembea wapagazi.

Mpagazi huyo ni mtu ambaye vitabu vya vita humtaja kwa jumla tu. Alibeba unga, risasi na maji katika nyika isiyo na maji ya kutosha, farasi na nyumbu wakifa kwa mbung'o njiani, na kila mnyama aliyekufa mzigo wake ukahamia kichwani mwa mtu. Chakula chake kilipunguzwa kwanza na dawa ilimfikia mwisho. Katika vita ile yote ya Afrika Mashariki wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Kwa familia nyingi habari ya kifo haikuletwa na mtu. Mtu alichukuliwa kijijini, na hakurudi.

Hayo ni maumivu ya ugomvi, na sitaki yapunguzwe hata kidogo. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikaa wakagawana nchi: Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza, na pembetatu ya Kionga, kusini mwa Ruvuma, ikaenda kwa Mreno. Maiti za wapagazi hazikuuliziwa lolote katika makubaliano hayo. Hata reli ya kijeshi ambayo Waingereza walikuwa wameijenga kutoka Voi kupitia Taveta na kuiunganisha na ya Tanga pale Kahe haikubaki jambo la vita tu: sehemu ya kahawa na mizigo ya Kilimanjaro ikavutwa kuelekea Mombasa, na Tanga ikapoteza biashara. Miaka ya 1930, Uingereza ilipotafuta amani na Hitler, wazo la kuirudishia Ujerumani makoloni yake lilijadiliwa kwa uzito mjini London. Wapare waliishi miaka hiyo bila kujua kesho watakabidhiwa kwa nani.

Sasa nifike kwenye lile sharti.

Katikati ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ikihitaji fedha, wilaya ya Upare iliwekewa kodi mpya iliyoitwa mbiru. Juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo, kila mwanamume alipimwa mali yake: ng'ombe, kahawa, shamba, kisha akakadiriwa alipe kiasi gani. Makadirio yalifanywa na watu wa watawala wa huku huku, na kila mwaka yangeweza kubadilika. Wapare waliona ubaya wake mara moja. Mtu aliyekosana na mtawala alipimwa ng'ombe asiokuwa nao. Mwenye udugu naye akapona. Na kwa kuwa mali ilihesabiwa mbele ya watu, siri za nyumba zilianikwa hadharani.

Walilalamika kwa utaratibu kwanza, wakapuuzwa. Januari 1945 maelfu ya wanaume kutoka tawala tisa za Upare, Hedaru ikiwa mojawapo, walitembea hadi Same, makao ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, wakapiga kambi. Hawakuchoma ofisi. Walikaa tu. Waliokuwa wamekaa muda wakarudi kulima, wengine wakashuka kushika nafasi zao, na chakula kikaletwa kutoka milimani. Paulo Mashambo alikuwa mmoja wa viongozi wao. Profesa Isaria Kimambo, aliyeichunguza habari hii na kuiandikia kitabu mwaka 1971, alionyesha jambo ambalo serikali ya wakati ule ilishindwa kulielewa: watu hawa hawakukataa kodi. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kichwa iliyo kubwa zaidi, mradi iwe sawa kwa wote na ijulikane. Walichokataa ni mtu kuwa na uwezo wa kukukadiria atakavyo.

Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliingia. Waume zao walikuwa Same na mashamba yanawaelemea. Waliandamana kumkabili Bwana Shauri na mtawala wao, wakidai shauri limalizwe. Hatimaye mbiru ikafutwa, ikarudishwa kodi iliyo sawa kwa kila mtu, na mabaraza ya Upare yakafunguliwa zaidi kwa wananchi.

Naitaja mbiru kwa kirefu kwa sababu tarehe zake zina maana. Watu walikuwa bado wamekaa Same wakati Umoja wa Mataifa unaundwa San Francisco, kati ya Aprili na Juni 1945. Mwishoni mwa 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja huo. Uingereza iliendelea kutawala, lakini sasa ilipaswa kujibu maswali mbele ya Baraza la Udhamini, na katika baraza hilo kulikuwa na kiti cha Urusi ya Kisovieti, ambayo haikuwa na haya ya kumuaibisha Mwingereza. Marekani nayo ilikuwa na kiti, na haikutaka kuonekana mlinzi wa ukoloni. Wakubwa walikuwa wameanza kutoaminiana tena, na ufa ukaonekana.

Ufa huo haukumsaidia mtu yeyote aliyekaa kimya. Ulimsaidia Kirilo Japhet wa Meru kwa sababu Wameru, walipofukuzwa Engare Nanyuki Novemba 1951 ili ardhi ipewe walowezi, walikuwa na umoja wao, walichangishana fedha, na walikuwa na wakili mjini Moshi, Earle Seaton. Mwaka 1952 Kirilo alisimama Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza. Azimio lililoletwa katika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili za kura, na ardhi haikurudishwa mwaka ule. Lakini Waingereza hawakuweza tena kuhamisha watu kana kwamba hakuna anayetazama. Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa, Mmarekani Mason Sears akiwamo, ulisema Tanganyika inaweza kujitawala katika miaka 20 hadi 25, London ikakasirika. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya chama cha TANU. Miaka sita tu baadaye nchi ilikuwa huru. Bila chama chenye matawi na kadi, ripoti ya ujumbe ule ingebaki kabatini. Sharti ni hilo: wakubwa wanaweza kufungua ufa, lakini aliyejipanga ndiye anayepita.

Baada ya uhuru mchezo ulipanuka, na Tanzania ikaucheza kwa ujasiri ambao hata leo unastahili heshima. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilipokataa kugharimia reli ya kwenda Zambia, China ikakubali. Ikatoa mkopo usio na riba wa karibu yuan bilioni moja, na kati ya 1970 na 1975 ikajengwa TAZARA ya kilomita 1,860. Wakati huohuo, kwa sababu China ilikuwa inajenga reli, Marekani iligharimia barabara ya kwenda Tunduma, na Waitaliano walikuwa wameshalaza bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968. Ujia mmoja, wakubwa watatu. Msimamo huo ulikuwa na gharama: mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wa kijeshi kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini, Nyerere alikataa na msaada wake mwingine wote.

Ujia wa Hedaru haukuwa na mgombea wa pili, na hilo linaeleza mengi. Hakuna dola lililoona faida ya kuwazidi wenzake hapa. Mwaka 1963 Tanganyika iliunga reli ya Tanga na Reli ya Kati kutoka Mnyusi hadi Ruvu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, njia ya Taveta ikafa. Halafu treni ya abiria yenyewe ikatoweka, na kizazi kizima cha Hedaru kikakua kikiona reli kama kitu cha kuruka tu unapokwenda shamba. Ilirudi mwaka 2019: Julai treni ya mizigo ikabeba saruji kutoka Tanga hadi Moshi, Desemba abiria wakapanda. Reli hiyo ilifufuliwa na Shirika la Reli la nchi, na wakubwa hawakuigombea.

Leo wakubwa wamerudi, na ni wengi kuliko zamani. Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma imejengwa na Yapi Merkezi ya Uturuki na ilianza kubeba abiria mwaka 2024; baadhi ya vipande vya kuelekea Mwanza na Kigoma wameshika Wachina. Wachina hao wamesaini kuifufua TAZARA kwa dola bilioni 1.4, huku Marekani na Ulaya zikiunga mkono reli ya Lobito inayotoa shaba upande wa Angola. Bandari ya Tanga imeongezwa kina na kampuni ya Kichina. Jirani yake, Chongoleani, ndiko lilikolengwa kufika bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Kenya ilitaka bomba hilo lipite kwake, na mwaka 2016 Uganda ikachagua Tanga. Humo TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, CNOOC ya China asilimia 8, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja. Mfaransa na Mchina, ambao magazeti huwaonyesha kama mahasimu, wamo katika kampuni moja.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Mazungumzo yetu ya kila siku, kwenye redio na vijiweni, huuliza tuwe upande wa nani: Mchina hana masharti, Mmarekani anahubiri, Mturuki anajenga haraka. Swali hilo linawapa wakubwa uhuru wa kupatana huku sisi tukishangilia timu. Mshtuko mwingine hauji na bendera kabisa. Vita vya Ukraine mwaka 2022 vilifika Same kupitia bei ya petroli, iliyovuka Sh 3,000 kwa lita, na mbolea ya DAP iliyopanda hadi zaidi ya Sh 130,000 kwa mfuko. Serikali ilitoa ruzuku na kuishusha hadi Sh 70,000, lakini ruzuku ni fedha za walipa kodi walewale. Mkulima wa mlimani hakuwa na upande katika vita ile.

Mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma umezungumzwa kwa miaka mingi. Siku fedha zitakapopatikana, mkandarasi wa taifa lolote atakayeijenga atautaka ujia huu wa Hedaru, kwa sababu milima haijasogea. Kabla hajaja, halmashauri ya Same inaweza kuwa na karatasi yake mezani. Fidia ya shamba ilipwe kabla ya katapila kuingia, kwa bei iliyobandikwa ofisi ya kijiji, si kwa makadirio ya mtu mmoja. Hedaru iwe stesheni yenye njia ya pembeni ya kupakia mizigo, na nauli ya tani moja hadi Tanga ijulikane mapema. Masharti ya mkopo, riba yake na dhamana iliyowekwa yasomwe kwa Kiswahili mbele ya madiwani. Na madai hayo yawe yameshapigiwa kura katika kila kata, kutoka Mamba hadi Makanya, ili atakayekuja kujadiliana akute watu walioafikiana tangu zamani.